Taa ya Bi Mkubwa

"Mwanamume anayeiita injini ya treni Bi Mkubwa," alisema shangazi, amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, "wewe akikuoa utakuwa nani? Bi mdogo?"

Sindano alicheka huku anafunga kamba za viatu, ila kicheko hakikufika mbali. Jina la Sindano alipewa na baba yake akiwa bado mtoto, kwa sababu ya kutoboa kila jambo kwa maswali. Alipokuja kuwa mshonaji, watu wakadhani jina lilitokana na kazi. Asubuhi ile alikuwa anakwenda kutoboa kwelikweli.

"Si yeye aliyeipa jina, shangazi. Watu wote wa reli wanaiita hivyo. Hata baba."

"Baba yako ana haki yake. Ameiendesha tangu wewe hujaota meno. Huyu wako amezaa nayo nini?"

Sindano alikaza fundo la kiatu. Usiku uliopita, mezani, baba yake alikuwa ameweka kijiko chini na kusema maneno ambayo hayakumtoka masikioni.

"Yule mtu na kamera yake hataingia nyumbani kwangu. Wazee wake wakija Jumapili, waambie niko kazini."

"Jumapili huna zamu, baba."

"Nitaitafuta."

Hapo ndipo mzee alipotoa lililokuwa moyoni. Mwaka uliopita aliitwa ofisini akaambiwa kuna picha yake inayomwonyesha anavunja sheria ya kazi. Picha yenyewe hakuonyeshwa. Aliondolewa kwenye safari ndefu, akawekwa kusukuma mabehewa uani mwa stesheni kama kijana anayeanza kazi leo. Kosa lilikuwa lipi, hakumwambia mtu, hata dada yake. Alisema jambo moja tu: kwenye reli ile nzima, mtu anayesimama na kamera kila mara ni mmoja.

Sasa walikuwa wamemrudisha kwenye njia kuu kwa kazi ya siku moja. Bi Mkubwa, kichwa cha treni ya mizigo kilichozeeka kuliko vyote, kilikuwa kimepakwa rangi zake za kwanza, wekundu wa damu ya mzee na mshipi wa njano kiunoni. Kingevuta mabehewa ya saruji kwa mara ya mwisho, kisha kingepumzishwa. Hakuna dereva aliyezijua breki zake kama baba yake Sindano.

Na Fleshi, mpiga picha wa harusi, mchumba asiyetakiwa, alikuwa anapanga kuifukuza treni hiyo kwa gari kutwa nzima, aipige picha. Alipomwomba Sindano wafuatane, Sindano alikubali upesi, naye Fleshi akafurahi mpaka Sindano akaona haya.

"Mtazame mikono," alisema shangazi kwa sauti ya chini, maana gari lilikuwa linapiga honi nje. "Maneno yake yaache yapite, wewe tazama mikono inafanya nini. Jioni nataka neno moja tu kutoka kwako. Ukisema ndiyo, kaka yangu nitamkabili mwenyewe. Ukisema hapana, yaishe."

Fleshi alikuwa ameazima pikapu ya kaka yake, nyeupe, ya siku nyingi, ambayo mlango wake wa abiria hufunguliwa kwa nje tu. Alizunguka kumfungulia. Kwenye kiti alikuwa ametandika shuka iliyokunjwa vizuri.

"Kaa juu ya shuka. Springi ya hapo inachoma."

Siku nyingine Sindano angeona wema. Leo alijiuliza: mtu anayejua springi inachoma wapi, ameshawakalisha wangapi hapo?

"Umelala?" Fleshi aliuliza.

"Kidogo."

"Mimi hata huo kidogo sikupata." Akamtazama, akatabasamu, akachelewa kuwasha gari mpaka Sindano akageukia dirisha.

Alikuwa na macho hayo ya kutulia juu ya mtu bila haraka. Kwa macho hayo ndivyo walivyojuana. Siku ya harusi moja, mshono wa gauni la bibi harusi ulifumuka mgongoni mbele ya watu, Sindano akaitwa mbiombio na uzi wake. Wapiga picha wengine walikimbilia kupiga. Fleshi alivua koti, akalishika kama pazia, akatazama ukutani mpaka sindano ilipomaliza kazi yake. Mshonaji alirudi nyumbani siku ile na pini mdomoni, amesahau kuitoa.

Ni mtu yule yule, alijiambia sasa. Au nilichoona siku ile ni upande wa nje wa nguo tu?

Walisimama kwanza nje kidogo ya kiwanda cha saruji, mahali reli inapopinda kando ya shamba la alizeti. Fleshi aliteremka na kamera. Sindano alibaki ndani, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, miwani myeusi usoni.

"Huteremki?"

"Jua."

"Jua lenyewe halijachomoza vizuri."

"Lipo linakuja."

Fleshi alimtazama kidogo, akakuna kidevu, akaenda zake.

Ardhi ilianza kutetemeka kabla ya sauti kufika. Kisha Bi Mkubwa akatokea kwenye kona, mwekundu, anang'aa, anakohoa moshi mzito wa dizeli, mabehewa yanamfuata kama watoto waliooshwa. Sindano alisahau kujificha. Tangu utotoni alikuwa hajakiona kichwa kile kimependeza hivyo. Halafu taa kubwa ya mbele ikawaka, kali, moja kwa moja usoni mwa Fleshi.

Kichwa kilipopita, mkono ulichomoza dirishani na kidole kikatikiswa mara kadhaa, kama mwalimu anavyomtikisia mtoro. Sindano aliteleza kitini mpaka magoti yakagonga dashibodi.

Fleshi alirudi anatazama kioo cha kamera. "Imekufa."

"Nini?"

"Picha. Taa ikiwaka hivyo usoni mwa kamera, kichwa chote kinageuka duara jeupe. Madereva wengine wakituona wanaipunguza kidogo, ni adabu tu ya kazi. Mzee, tangu mwaka jana, hata kule uani, hapunguzi." Akacheka. "Ananipenda sana."

"Ulimkosea nini?" Sindano aliuliza kwa sauti tamu kama asali.

"Sijui. Labda hapendi kupigwa picha."

"Au kuna picha moja uliyompiga, hakuipenda."

Mikono ya Fleshi ilikuwa inafuta lenzi kwa kitambaa. Ikasimama. Sindano aliiona ikisimama. Halafu ikaendelea, polepole kuliko mwanzo.

"Labda," alisema Fleshi, na hakucheka tena.

Sindano alivuta kitambaa tena mpaka kwenye nyusi.

Walikuwa hawajafika mbali simu ya Fleshi ilipoita. Aliangalia jina, akaegesha gari pembeni, akashuka na kwenda kusimama nyuma kabisa, amegeuza mgongo. Sindano aliteremsha kioo cha dirisha. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mwanamke, hilo alilisikia wazi, ila maneno aliyoyapata ni ya Fleshi tu.

"Usitoke peke yako… Nimesema nakuja. Nisubiri mpaka nifike, tafadhali."

Aliporudi alikuwa anaongeza mwendo.

"Nani?"

"Mtu tu."

"Watu tu nao wana majina."

"Utamwona," alisema Fleshi. "Leo leo utamwona."

Sindano alikunja mikono kifuani. Kwa hiyo kumbe na mwanamke yupo. Alitaka kusema nirudishe nyumbani, lakini jina lake lilikuwa Sindano, na sindano haiachi kitambaa katikati ya mshono. Akapandisha kioo.

Walisimama kunywa chai kwenye kibanda cha njia panda. Fleshi alimmenyea yai la kuchemsha na kumpa bila kuulizwa, kiini kikavu, kama anavyopenda. Kabla hajalimaliza, gari kubwa jipya lilikuja kusimama karibu yao, akashuka daktari wa meno wa mjini, mpenzi mwingine wa treni, kifuani ananing'iniza kamera yenye lenzi ndefu kama mtarimbo.

"Fleshi! Umemwona Bi Mkubwa? Ee, bwana we, kama bibi harusi!"

"Amependeza, daktari."

"Sasa nishauri. Wewe unaijua njia hii kama kiganja chako. Adhuhuri nisimame wapi? Nasikia pale kwenye kivuko cha reli na barabara kuna kona ya ajabu, mlima nyuma, treni yote inaonekana toka kichwani mpaka mkiani."

Fleshi alikuna shingo. "Pale pazuri, ila leo utajuta. Wamerundika kokoto, wanatengeneza reli, mitambo imejaa. Hutaona hata gurudumu. Nenda darajani. Mwanga wa adhuhuri unamulika mto, utanishukuru."

"Wewe unakwenda wapi?"

"Mimi nina mchumba garini, daktari. Nitasimama popote atakaposema."

Daktari alimcheka, akampungia Sindano mkono, akaondoka kwa vumbi kuelekea darajani. Fleshi aligeuza pikapu, akashika njia ya kivukoni.

Walipofika, Sindano alishuka mwenyewe safari hii, kwa kupitisha mkono dirishani kukifikia kitasa cha nje. Hakukuwa na rundo la kokoto, wala mtambo. Palikuwa na kibanda cha mlinzi kilichopakwa chokaa, nguzo ya geti yenye mistari myekundu na myeupe, tangi la maji lenye ufa mrefu ubavuni, na reli inayopinda taratibu chini ya mlima wa buluu. Hata yeye asiyejua kupiga picha aliona kwamba mahali pazuri kuliko pale hapakuwepo.

"Kokoto ziko wapi?"

"Hazipo."

"Umemdanganya rafiki yako mchana kweupe, unamtazama machoni."

"Nimemdanganya."

"Na unasema hivyo hivyo, huoni hata haya?"

"Naona." Fleshi alifungua begi. Sindano alidhani anatoa kamera. Aliifunika lenzi, akaitia kamera ndani, akavuta zipu, akaliweka begi chini ya kiti cha gari.

Sindano alitazama mikono ile, kama alivyoagizwa, na hakuielewa hata kidogo.

"Unafanya nini? Umeamka alfajiri, umepoteza asubuhi nzima, umefika mahali pazuri kuliko pote, unaweka kamera?"

"Hapa huwa sipigi."

"Kwa nini?"

"Siwezi kukwambia."

"Mimi? Mimi unayetaka kunioa?"

"Si jambo langu. Lingekuwa langu ungelijua siku ya kwanza." Alimsogelea, akataka kumshika mkono, Sindano akauficha nyuma. "Mpenzi, tangu asubuhi umenikazia macho kama mkaguzi wa tiketi. Umekuja kuwa na mimi au umekuja kunipekua?"

"Nimekuja kukujua."

"Basi subiri treni ipite. Ukishaona, niulize tena lolote, nitajibu."

"Na huyo mwanamke wa kwenye simu?"

"Mwanamke huyo ni mimi," ilisema sauti nyuma yao, "na kama ningejua nimekuwa hawara wa mtu ningepaka wanja."

Alikuwa mama wa makamo, mwenye koti la rangi ya machungwa la watu wa reli, mkono wa kulia umefungwa bendeji na kuning'inizwa shingoni. Fleshi alimwita Mama Geti, akamwamkia kwa heshima, akamkemea hapo hapo kwa kutembea juani.

"Nimevunjika mkono, miguu ninayo," alisema Mama Geti. "Huyu ndiye yeye?"

"Ndiye."

Mama Geti alimtazama Sindano juu mpaka chini, kisha akamtazama zaidi, kwenye paji la uso, kwenye kidevu. "Kidevu hiki nakijua," alisema. "Nakiona dirishani miaka yote. We mwanangu, baba yako anajua kama uko hapa?"

Kabla Sindano hajajibu, reli ilianza kuimba. Mama Geti aliharakisha kwenda kushusha nguzo kwa mkono wake mmoja, Fleshi akamkimbilia, akaishusha pamoja naye. Halafu akarudi nyuma ya kibanda, mahali dereva asingemwona.

"Huwa nasimama hapa," alimwambia Sindano. "Akiniona atadhani namvizia, ataogopa kufanya. Leo nimekuja kumpokelea yule mama, maana mkono hana. Sijui nitatokaje."

"Kupokea nini?"

Bi Mkubwa alikuwa ametokea kwenye kona. Taa yake ilikuwa imewaka, honi ikalia ndefu, mlima ukaijibu. Kisha treni ikaanza kupunguza mwendo. Haikusimama. Treni ikisimama mahali isipopangiwa, ofisini wanajua. Ilipungua tu, ikapungua, mpaka ikawa inatembea kama mtu mzima anayetoka sokoni. Msaidizi wa dereva alikuwa ameshuka kwenye ngazi ya pembeni, ameshikilia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ananing'iniza dumu la maji lililojaa. Juu yake, dirishani, Sindano alimwona baba yake. Mzee alikuwa amemkazia macho Mama Geti na bendeji yake, uso umemsawijika.

"Rudi nyuma!" alipiga kelele. "Mama, utaanguka! Huwezi kwa mkono huo!"

"Nitaweza!" alijibu Mama Geti, tayari anakimbia kando ya reli, mkono wake mzima umenyooshwa.

Sindano hakukumbuka kuamua. Alijikuta tu anakimbia juu ya kokoto chache za reli, miwani imedondoka, kitambaa kimeshuka mabegani. Alimpita Mama Geti, akalidaka dumu kwa mikono miwili, likamvuta chini, akalikumbatia lisipasuke. Msaidizi aliinuka akatoa la pili. Hilo lilidakwa na Fleshi. La tatu lilidakwa na Fleshi. La mwisho Sindano alilipokea akiwa ameinua uso, na juu ya uso wake palikuwa na uso wa baba yake.

Walitazamana kwa muda wa mwendo wa kichwa kile kumpita. Mzee alimtazama binti. Akamtazama yule mtu aliyelowa maji kifuani, madumu miguuni pake. Sindano aliyaona macho ya baba yake yakitafuta, yakishuka shingoni mwa Fleshi, yakienda mikononi, yakirudi shingoni. Kamera haikuwepo.

Aliingiza kichwa ndani. Honi ililia fupi, mwendo ukaongezeka, mabehewa ya saruji yakapita moja baada ya jingine mpaka kukawa kimya.

"Tangu tangi lipasuke," alisema Mama Geti, akihema, ameketi juu ya dumu kama malkia, "gari la maji haliji. Nimeomba, nimechoka. Baba yako ndiye aliyeniuliza, siku moja, akipita, nakunywa nini. Huniletea yake ya nyumbani; alipofungiwa uani akawa ananitumia kwa madereva wenzake. Kutoa kitu nje ya treni inayotembea ni kosa. Anajua, na mimi najua."

Sindano aliyatazama madumu. Mfuniko mmoja ulikuwa wa bluu, ulioungua ukingoni. Ulikuwa wa jikoni kwao. Mara ngapi alikuwa amelalamika kwamba madumu yanapotea!

"Na ile picha?" aliuliza. Alimgeukia Fleshi, maana alikuwa ameahidiwa jibu. "Baba aliitwa ofisini. Walimwambia kuna picha yake. Ni wewe uliyeipiga?"

Fleshi alimtazama kana kwamba amemwagiwa dumu zima kichwani. "Picha ya hapa?"

"Aka!" Mama Geti alisimama. "Nyamazeni mimi niseme. Wakaguzi walikuja nayo hapa kwenye simu yao, wakanionyesha, wakataka nikiri. Ilipigwa toka juu, kwenye behewa la walinzi lililofungwa mkiani. Unaona mgongo wa treni yote, na mimi kule mbele mdogo kama kuku, na dumu. Huyu kijana hupanda behewa la walinzi? Yeye siku hiyo alikuwa nyuma ya kibanda, ananikorogea chai!"

"Mbona hukumwambia baba?"

"Ningemwambia lini? Asimamishe treni ya saruji nimpe umbea? Na sikujua kama anamshuku mtu. Ningejua ningeuandika ukutani kwa mkaa."

Fleshi alikuwa ameinama, anabeba madumu kuyapeleka kibandani. Aliyabeba mawili mawili. Alipomaliza alinawa mikono kwa maji kidogo sana, akiyabania, kama mtu anayejua yametoka wapi.

Njiani kurudi barabarani hakusema kitu. Sindano alisubiri akemewe, hakukemewa, ikawa vibaya zaidi.

"Sema basi," alisema hatimaye.

"Asubuhi yote," alisema Fleshi, macho barabarani. "Umekaa hapo juu ya shuka, nimekumenyea yai, na ulikuwa unanidhania hivyo."

"Nilikuuliza kule kwenye alizeti. Nikaona mikono imesimama."

"Nilidhani umejua habari za maji. Nikaogopa nikisema neno moja utajua ni lipi, na mzee hajataka mjue." Akabadilisha gia. "Ningekuwa na binti, na mtu akaniambia habari kama hizo za mchumba wake, labda na mimi ningetikisa kidole. Baba yako simlaumu. Ila wewe… nilitamani wewe unijue."

Sindano alitazama mikono yake mwenyewe, iliyochubuka na dumu. Alikuwa na maneno mengi ya kuombea msamaha, yote yakaonekana yameshonwa vibaya.

"Nilikosea," alisema tu. "Nilikutazama kama nguo ya dukani, natafuta mahali ilipofumuka. Nisamehe."

Fleshi aliendelea kuendesha. Lakini baada ya mwendo kidogo alinyoosha mkono wa kushoto na kuirekebisha shuka chini yake, maana ilikuwa imeteleza na springi inachoma. Sindano aliushika mkono huo, haukurudi kwenye usukani mpaka kwenye kona.

Simu ililia. Alikuwa daktari wa meno, anapiga kelele kwa furaha. "Darajani! Fleshi, Mungu akubariki! Mto wote ulikuwa dhahabu!" Fleshi alimtazama Sindano kwa pembe ya jicho, na wote wawili wakacheka mpaka machozi, kwa sababu walihitaji kulia na hiyo ndiyo nafasi waliyoipata.

Mahali pa mwisho palikuwa kwenye mwinuko kabla ya stesheni kuu, pale treni za mizigo hupanda taratibu na jua la jioni huzipiga ubavuni. Baada ya hapo Bi Mkubwa angeingia karakana na asingetoka tena. Fleshi alitoa kamera begini. Sindano hakubaki garini. Alikunja kitambaa, akakitia mfukoni, akasimama wazi kando yake, mahali ambapo hata kipofu angemwona.

"Atawasha taa," alisema Fleshi. "Usisikitike. Nimezoea."

"Wewe panga kamera yako."

"Ameona leo sina kamera kule, sawa. Lakini mtu hafuti mwaka mzima kwa dakika moja. Na sasa ninayo mkononi, ndiye yule yule mtu wake."

"Fleshi."

"Naam."

"Nyamaza."

Bi Mkubwa alitokea chini ya mwinuko, anavuta kwa nguvu zake zote, moshi umesimama juu yake kama kilemba. Taa ilikuwa imewaka kamili. Sindano aliinua uso. Alimwona baba yake dirishani, bado mbali, uso mdogo tu wenye kofia, na alijua naye amewaona wote wawili, na kamera imeinuliwa. Alitaka kupunga mkono. Akaona asimwombe. Alisimama tu, bega lake limegusa bega la Fleshi, akaliacha hapo ili baba aone.

Treni ikasogea. Taa bado kali. Ikasogea tena. Fleshi alishusha pumzi na kuanza kuishusha kamera.

Ndipo taa ikapungua.

Haikuzimika. Iliteremka taratibu kutoka ule weupe wa kukata macho mpaka ikawa njano laini, kama taa ya sebuleni watu wanapongojewa. Na nyuma yake Bi Mkubwa akaonekana mzima, kila msumari, wekundu wake wote umewaka kwa jua, mshipi wa njano kiunoni. Dirishani mzee alivua kofia yake ya kazi, akaiweka kifuani, akatazama mbele kwa uso wa mtu anayejua anapigwa picha na ameridhia.

Sindano alingoja kusikia kamera. Hakusikia. Aligeuka akamkuta Fleshi ameduwaa, kamera iko kifuani, hatazami treni. Anamtazama yeye, kwa macho yale yale yasiyo na haraka, na yamejaa maji.

"Unafanya nini?" alimkemea, huku machozi yanamtoka na yeye. "Anapita! Piga basi! Mimi utanitazama Jumapili, na kila siku baada ya hapo. Siendi popote!"

Kamera ikalia.